Bei, gari au sisi wenyewe? Mwongozo kamili wa kufuatilia pesa ya mafuta ya kaya mwaka hadi mwaka

Jioni moja mwaka 2016, tumekaa sebuleni hapa Sakina, Arusha, mke wangu aliniuliza: "Baba Neema, ile elfu ishirini ya mafuta ya Jumatatu imeshakwisha?" Ilikuwa Alhamisi. Nikajibu kama tunavyojibu wote: mafuta yamepanda. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza yamepanda kwa kiasi gani. Sikuwa na jibu. Nilijua pesa inaondoka, ila inaondokea mlango gani sikujua.

Usiku ule nilichukua kaunta buku moja la Neema lililobaki kurasa nyingi, nikapiga mistari. Mpaka leo tunaandika, na sasa tuko kwenye daftari la tatu. Jambo kubwa nililojifunza ni hili: pesa ya mafuta ina milango mitatu ya kutokea, nayo ni bei ya lita, ulaji wa gari, na kilometa tunazotembea. Ukiandika shilingi peke yake, milango yote mitatu inaonekana kama mmoja na lawama zote zinaangukia bei. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na daftari. Mbinu za kubana matumizi zitakuja mwishoni, kwa sababu huwezi kubana usichokipima.

Hatua ya kwanza: daftari na safu zake

Tumia daftari la kawaida, likae ndani ya gari pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Simu ni nzuri, ila simu huondoka na mwenye simu, na gari la familia huendeshwa na zaidi ya mtu mmoja. Kila anayeweka mafuta anaandika palepale kabla hajatoka sheli. Ukisema utaandika nyumbani, hutaandika.

Safu ni saba: tarehe, kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi, lita, bei ya lita, jumla ya shilingi, full au si full, na neno moja au mawili kuhusu safari za siku hizo. Mstari mmoja wa daftari letu unasomeka hivi:

12/3, 148,236, lita 28.4, 3,180, 90,312, full, "kazini + msiba Marangu".

Safu ya mwisho watu huiona kama mapambo, lakini ndiyo inayokuokoa mwaka ukiisha. Ukikuta mwezi umekula mara moja na nusu ya kawaida, neno "msiba Marangu" linakueleza yote.

Dai risiti kila unapojaza. Risiti halali inaonesha jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta, lita na bei ya lita, na ikitokea ugomvi ndiyo ushahidi wako. Karatasi ile hufifia haraka kwenye joto la gari, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo.

Hatua ya pili: jaza full kwa mtindo uleule

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Huwezi kujua gari linakula kiasi gani kwa kuweka mafuta ya elfu kumi leo na elfu ishirini kesho, maana hujui ndani ya tanki mlikuwa na nini. Unachohitaji ni alama mbili zinazofanana, na alama rahisi kuliko zote ni tanki lililojaa. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, kisha mwambie kijana aishie hapo. Asiongeze "ili ifike namba nzima". Andika kilometa. Endelea na maisha. Siku ukijaza full tena, lita zote ulizoweka katikati pamoja na hizo za mwisho ndizo gari lilizokula tangu alama ya kwanza.

Kwa mfano, baada ya ule mstari wa 12/3 tuliweka mafuta ya elfu ishirini katikati, yaani lita 6.3, halafu tarehe 26/3 tukajaza full kwa lita 20.6 dashibodi ikisoma 148,561. Kilometa ni 148,561 toa 148,236, sawa na 325. Lita ni 26.9. Gawanya: kilometa 12 kwa lita na kitu kidogo. Ikiwezekana rudi sheli ileile, pampu ileile, gari likiwa limesimama palepale, kwa sababu kituo chenye sakafu ya mteremko kinaweza kukudanganya lita moja nzima.

Najua wapo ambao pesa ya kujaza full haipatikani kwa mkupuo, na sitaki waachwe nje. Njia yao ni taa. Kila taa ya mafuta ikiwaka, andika kilometa na uweke mafuta yoyote unayoweza. Usiangalie wiki moja. Hesabu kutoka taa ya kwanza hadi taa ya mwisho kwa miezi mitatu, jumlisha lita zote ulizoweka kabla ya taa ya mwisho, gawanya kilometa kwa lita hizo. Kosa la taa kuwahi au kuchelewa linakuwa dogo sana likigawanywa kwenye kilometa 2,000. Kwa pikipiki ni rahisi zaidi, kwani unaona kwa macho: jaza mpaka alama moja uliyoichagua kwenye shingo ya tanki, siku zote hiyohiyo.

Tahadhari moja ya huku kwetu. Moshi iko chini na Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo barabara ya kutoka Moshi kupitia Boma Ng'ombe, njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, Usa River hadi Tengeru kwa jumla inapanda. Ukipima ukitelemka utajisifu, ukipima ukipanda utalaumu fundi. Ni kilometa kama 80 tu upande mmoja, na lita sita au saba ni kidogo mno kupimia, maana kosa la nusu lita linaharibu hesabu nzima. Pima kwenda na kurudi kwa pamoja. Vivyo hivyo kwa wanaopanda Machame, Kibosho, Uru au Marangu.

Na uangalie sifuri. Kijana wa pampu akisema "sifuri hiyo", geuka uitazame kweli, kisha tazama na bei ya lita iliyoandikwa pale kama ni ile ya kwenye bango. Tanki la Toyota IST yetu ni lita 42. Siku moja, kwenye sheli ambayo sitaitaja, taa ilikuwa haijawaka, pampu ikaandika lita 45. Shingo ya tanki inameza kidogo, sawa, lakini si kiasi kile. Nikaomba kipimo tuhakiki, nikaambiwa mwenye funguo hayupo. Nikatazama stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu, muda wake ulikuwa umepita. Tangu siku hiyo huitazama stika kabla sijafungua kifuniko cha tanki. Nisingekuwa na daftari ningelipa na kuondoka, tena ningemwambia mke wangu gari limeanza kula.

Hatua ya tatu: andika bei kikomo ya wilaya yako

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Tangazo lina jedwali refu la wilaya moja moja. Tafuta mstari wako, iwe Arusha mjini, Karatu, Hai, Moshi au Rombo, uandike kwenye kurasa za mbele za daftari: mwezi, petroli, dizeli. Dakika mbili. Bei hizo pia hupatikana kwa simu kupitia *152*00#.

Kikomo maana yake kituo hakiruhusiwi kuzidisha, lakini kinaruhusiwa kupunguza, na vipo vinavyopunguza. Tofauti ya shilingi 30 kwa lita ni ndogo kwa siku moja, lakini kwa kaya inayotumia lita 100 kwa mwezi ni 36,000 kwa mwaka.

Kwa nini kuandika wakati EWURA wenyewe wanatunza? Kwa sababu kumbukumbu ya binadamu hushika miezi mibaya na kuisahau mizuri. Katikati ya mwaka 2020, corona ilipoangusha bei ya mafuta duniani, petroli Dar es Salaam ilishuka hadi zaidi kidogo ya shilingi 1,500. Waulize jirani zako nani anakumbuka. Lakini Agosti 2022, baada ya vita vya Ukraine, ilipofika 3,410 pale Dar, kila mtu anakumbuka, na ilikuwa hivyo ingawa kuanzia Juni mwaka huo serikali ilikuwa inaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Huku kaskazini mafuta yetu huja zaidi kupitia bandari ya Tanga, na bei yetu kwa kawaida hukaa juu ya ile ya bandarini kwa sababu ya nauli ya lori.

Mabadiliko ya kodi na tozo yaandike kwa wino mwekundu kama unalinganisha miaka mingi, na haya mawili yawe miongoni mwake. Julai 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile tuliyozoea kuiita "road licence", ilifutwa na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Kwa hiyo ukilinganisha 2016 na 2018 bila kuikumbuka ada ile, utaona mafuta yamepanda kumbe sehemu yake ni pesa uliyokuwa ukilipa kwa njia nyingine. Halafu Julai 2023 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa lita. Kwa lita 100 kwa mwezi hiyo ni elfu kumi kila mwezi, bila gari wala familia kubadilika chochote.

Hatua ya nne: tafuta mafuta yaliyojificha

Kaya nyingi zisizo na gari zinadhani jambo hili haliwahusu. Bodaboda ya mtoto kwenda shule ni mafuta. Ukodishaji wa pikapu ya kuleta mabua kutoka tambarare kwa ajili ya ng'ombe wa mama kule mlimani ni mafuta. Jenereta ni mafuta, na mashine ya kukatia majani pia. Wekea haya ukurasa wake mwisho wa daftari. Usiyachanganye na ya gari, maana hapa unalipa mafuta pamoja na jasho la mtu.

Kwa wenye gari linalofanya kazi mbili, jambo ambalo Arusha limejaa, la nyumbani asubuhi na la wageni au mizigo mchana: tenganisha. Weka herufi K kwa kazi na N kwa nyumbani kwenye safu ya mwisho, ukiandika kilometa unapoanza na unapomaliza kazi. Nimeona rafiki akiamini biashara yake ya kusafirisha watu inamlipa, kumbe mafuta ya nusu ya safari yalikuwa yanatoka kwenye mshahara wa mkewe.

Hatua ya tano: rudisha miaka iliyopita

Unaanza leo lakini unataka kujua mwaka 2019 ilikuwaje? Inawezekana, na ushahidi unao tayari nyumbani.

Kwanza, kadi za oili. Kila ukibadilisha oili, fundi huandika tarehe na kilometa kwenye kikadi anachokubandikia mlangoni au kukuning'inizia kwenye injini. Nilikuta vyetu vinne kwenye droo ya gari chini ya karatasi za bima. Ukiwa na viwili tu una mwaka mzima. Tuseme Februari 2019 gari lilikuwa 96,400 na Februari 2020 likawa 106,900. Umetembea kilometa 10,500. Kama gari lako linakwenda kilometa 12 kwa lita, hizo ni lita 875. Kisha chukua bei kikomo za wilaya yako kwenye matangazo ya zamani yaliyo kwenye tovuti ya EWURA, tafuta wastani wa miezi 12, zidisha. Ni makadirio, kwa hiyo andika kwa penseli, lakini yanakaribia ukweli kuliko kumbukumbu yoyote.

Pili, taarifa za miamala ya simu, kama huwa unalipa sheli kwa lipa namba. Tatu, picha kwenye simu, kwa sababu watu wengi wamepiga picha dashibodi siku walipoleta gari nyumbani. Wenye magari yaliyoagizwa Japani wana na karatasi ya ukaguzi yenye kilometa za kuanzia.

Hatua ya sita: gawanya ongezeko kwa milango mitatu

Huu ndio moyo wa kazi yote. Chukua mwezi mmoja wa zamani na mwezi uleule wa sasa. Usilinganishe Desemba na Februari. Desemba watu wa huku tunapanda nyumbani mlimani, magari yanazunguka kwa shangazi na kwa wajomba, na mwezi huo lazima ulinganishwe na Desemba mwenzake. Nitatumia namba za mviringo.

Zamani: kilometa 800, gari kilometa 12.5 kwa lita, yaani lita 64, kwa bei ya 2,500. Jumla 160,000.
Sasa: kilometa 1,000, gari kilometa 10 kwa lita, yaani lita 100, kwa bei ya 3,200. Jumla 320,000.

Pesa imeongezeka mara mbili. Bei imeongezeka asilimia 28 tu. Nyingine imetokea wapi?

Mlango wa bei: chukua lita za zamani, 64, zidisha kwa ongezeko la bei, 700. Unapata 44,800.

Mlango wa gari: zile kilometa 800 za zamani, kwa ulaji wa sasa, zingetaka lita 80 badala ya 64. Lita 16 zaidi, kwa 3,200, ni 51,200.

Mlango wa safari: kilometa 200 zilizoongezeka, kwa gari la sasa, ni lita 20. Kwa 3,200 ni 64,000.

Jumlisha: 160,000 kamili, ongezeko lote limepata mwenyewe. Na bei, tuliyoilaumu barazani na kazini, imebeba chini ya theluthi moja. Mara ya kwanza nilipofanya hesabu hii kwa namba zetu halisi nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Ukianza na safari badala ya bei, mafungu yatabadilika, tena si kidogo, ingawa jumla itabaki ileile. Kwa hiyo chagua mpangilio mmoja, bei kisha gari kisha safari, na uushike kila mwaka.

Hatua ya saba: shilingi ya zamani si ya leo

Laki moja ya mwaka 2020 ilinunua zaidi ya laki moja ya leo. Mfumuko wa bei wa wastani kwa mwaka, kwa takwimu za NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), ulikuwa asilimia 3.7 mwaka 2021, 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Zidisha 1.037 kwa 1.043 kwa 1.038 kwa 1.031, utapata kama 1.157. Kwa hiyo aliyetumia laki moja kwa mwezi mwaka 2020 na 115,700 mwaka 2024 hakuongeza kitu. Kilichozidi hapo ndicho ongezeko lenyewe.

Kuna na kipimo kingine ninachokipenda zaidi, kwa sababu kila mtu nyumbani anakielewa: katika kila shilingi mia iliyoingia, mafuta yamekula ngapi? Jumlisha mapato yote ya kaya ya mwaka, pamoja na ya ndizi na maziwa, gawanya pesa ya mafuta ya mwaka kwa mapato hayo, zidisha kwa mia. Kwetu mwaka mbaya kuliko yote kwa kipimo hiki haukuwa 2022. Ulikuwa mwaka ambao mke wangu alibadilishiwa kituo cha kazi na tukawa tunampeleka na kumfuata kila siku.

Hatua ya nane: chukua hatua kwenye mlango ulio wako

Mlango wa bei huwezi kuufunga. Unachoweza ni kuchagua sheli ya bei nafuu iliyo njiani, bila kuzunguka kilometa sita kuokoa shilingi 20.

Mlango wa gari anza na cha bure: upepo. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, na hupimwa tairi zikiwa za baridi, kabla hujatembea. Kisha ea klina, hasa kwa tunaoishi kwenye vumbi la Muriet, Olasiti au Moshono, ambako inaziba mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kisha plagi. Kisha breki zinazoshika: baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na rimu za magurudumu yote bila kugusa, na lile lenye joto kuliko mengine lina jambo. Fanya kimoja, jaza full mara mbili, soma daftari, ndipo uende kingine. Ukifanya vyote siku moja hutajua kilichokusaidia, na mwakani utalipia vyote tena.

Mlango wa safari unataka kikao. Gawanya bei ya lita kwa kilometa za gari lako kwa lita: 3,200 kwa 10 ni shilingi 320 kwa kila kilometa, mafuta peke yake. Safari ya kilometa 6 kwenda na 6 kurudi ni 3,840. Namba hiyo tumeiandika kwenye karatasi juu ya msumari wa funguo. Hatumkatazi mtu safari. Kwa mama mgonjwa tunakwenda bila kuuliza, na kwa msiba vilevile. Ila Neema mwenyewe, aliyekuwa akiomba apelekwe mjini kila Jumamosi, alisoma ile karatasi, akapiga hesabu kimya, akaniambia: "Baba, nipe elfu mbili nipande kifodi," yaani daladala ndogo ya huku kwetu. Mwezi uliofuata kilometa zetu zilishuka kutoka 1,040 hadi 910.